Oenanthe isabellina

Oenanthe isabellina ni ndege mdogo wa familia Muscicapidae mwenye urefu wa sm 16 hivi. Huzaliana katika nyanda kavu kutoka Uturuki hadi Mongolia. Baridi ikianza huko huhamia kusini, na baadhi hufika kaskazini mwa Tanzania, pamoja na Mkoa wa Manyara, hadi mwezi wa Machi.

Dume na jike wote wana rangi ya mchanga. Huchanganywa na Oenanthe oenanthe, mgeni mwenzake, lakini sehemu nyeusi ya mkia wake ni pana zaidi na upande wa chini wa mabawa ni mweupeweupe. Oenanthe pileata, ambaye ni mkazi, akikomaa ana ukanda mweusi kifuani.