Bustani ya Maji Sebuleni Huuawa na Usafi

Bustani nyingi ndogo za maji zinazowekwa ndani ya nyumba hazifi kwa kutelekezwa, hufa kwa kusafishwa mno. Maji yakianza kuchafuka, mwenye nyumba huyamwaga yote, husugua changarawe kwa sabuni, kisha hujaza beseni upya kutoka bombani. Siku chache baadaye samaki wanaelea. Kinyesi chao na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye changarawe, mizizi na kuta za chombo huigeuza kuwa nitriti, kisha naitreti, na hiyo ndiyo mimea huitumia kama mbolea. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka, na sabuni au klorini huwamaliza mara moja. Basi toa robo tu ya maji kila wiki, rudishia yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini ipungue, na uwape samaki chakula wanachokimaliza ndani ya dakika mbili.

Maji yakiwa ya kijani, hapo kuna mwani unaoshiba mwanga na naitreti. Kuyamwaga hakuondoi chanzo. Sogeza chombo mbali na jua kali la dirishani, kisha ongeza mimea inayokua haraka ili ishindanie chakula hicho. Mani planti iliyotumbukiza mizizi majini hufaa sana, na hata mafunjo mafupi yakipata mwanga wa kutosha. Yapande kwenye udongo wa mfinyanzi uliofunikwa changarawe. Udongo wenye samadi utachafua kila kitu. Yungiyungi, ambalo kila mtu hulitaka kwa ajili ya picha, linadai saa tano au sita za jua la moja kwa moja. Sebuleni litatoa majani manyonge tu, ua usilitegemee.

Hoja nzito dhidi ya haya yote ni mbu, na haifai kupuuzwa. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupenda maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani. Mayai yake hunata ukutani juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi; yakilowa, katika joto letu mbu kamili hupatikana kwa takriban wiki moja hadi siku kumi. Lakini beseni lenye samaki wa gapi si mahali pake, kwa kuwa samaki hao hula viluwiluwi, mradi majani yapunguzwe yasiwe maficho. Hatari zaidi ni ile chupa ya mani planti isiyo na samaki, na sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Hivyo ndivyo vya kumwagwa na kusuguliwa kuta kila wiki. Brashi ihamie huko.

Wapo watakaosema maji yenyewe ni ya shida. Robo ya beseni la lita 40 ni lita 10, nazo hazipotei: zimwagie mchicha, zina mbolea tayari. Gugu maji tu ndilo lisiingie nyumbani kabisa, kwa jinsi lilivyolitesa Ziwa Victoria. Na mimea unayopogoa ianike juani mpaka ikauke, usiitupe mtaroni.