Pango la Fingira: Wana Kasumulu, pigeni hesabu kabla ya safari

Mkulima wa Kyela akishauza mpunga, fedha ile huwa na wenyewe: ada ya shule, mbegu za msimu ujao na madeni ya dukani. Safari ya kutembea haimo kwenye orodha. Hata hivyo, ikipangwa kama biashara inavyopangwa, mkazi wa Kasumulu anaweza kuiona hifadhi ya taifa yenye pango la kale bila kugusa mtaji.

Hifadhi hiyo ni Nyika, kaskazini mwa Malawi, iliyo kubwa kuliko zote nchini humo. Ina zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na juu ya uwanda wake wapo pundamilia na pofu. Humo upo mwamba wa Fingira wenye pango la watu wa kale. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa hapo. Wa kale zaidi aliishi yapata miaka 6,000 iliyopita, kabla jembe halijafika huku.

Jambo la kwanza ni majira. Barabara ya kupanda Nyika ni ya udongo, na wakati wa mvua magari hukwama. Agosti hadi Oktoba ndicho kipindi kizuri: mpunga umeshavunwa na njia imekauka. Beba nguo nzito, kwani kambi ya Chelinda ipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

La pili ni usafiri. Ukivuka mto Songwe, magari ya abiria yapo hadi Karonga, na kutoka hapo unaunga hadi Rumphi. Kutoka Rumphi hadi Chelinda ni kama kilomita 100, na hapo ndipo mfuko hutoboka, kwa sababu inabidi kukodi gari. Gari hulipiwa bei ileile likibeba mtu mmoja au sita. Tuchukulie kwa mfano kwamba limekodiwa kwa shilingi 900,000. Wakiwa sita, kila mmoja anatoa 150,000, sawa na kuweka akiba ya shilingi 15,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Hiyo ni kazi ambayo kikundi cha vikoba kinaiweza.

La tatu ni hati na fedha. Mtanzania haombi viza kuingia Malawi, lakini awe na hati halali ya kusafiria. Mwenye gari lake akate bima ya kadi ya njano ya COMESA. Aidha, usitegemee bei ulizosimuliwa zamani: Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa mara moja. Piga simu kambini kwanza, uulize kiingilio, malazi na mtu wa kuwaongoza hadi Fingira.

Mwisho, usichanganye matembezi na mzigo. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi, baada ya Malawi kuzuia bidhaa kadhaa, mchele na ndizi zikiwamo. Zuio la Tanzania liliondolewa baada ya siku chache, lakini ndizi hazingoji. Mfanyabiashara akatumie safari hii kuuliza bei katika masoko ya Karonga na Rumphi. Taarifa hizo hazilipiwi ushuru mpakani.