Vinyama na Vipele vya Ngozini

Ukiwatazama watu kwa makini hutakosa kuona kinyama kinachoning'inia shingoni, chunjua kidoleni, au vipele vyeusi mashavuni. Vingi havina madhara. Lakini kwetu Bukoba na Muleba vyaogopwa, na hofu hiyo ina asili yake.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa huku Kagera. UKIMWI waweza kuleta saratani ya ngozi iitwayo Kaposi, yenye mabaka au vinundu vyeusi. Basi watu wakazoea kuchungulia ngozi za wenzao. Shangazi yangu wa Muleba ana vipele mashavuni kama punje za ulezi. Kwa miaka mingi alijifunika kitenge mpaka karibu na macho aendapo sokoni, maana majirani walinong'ona. Kumbe bibi, mama yake, alikuwa navyo, na baba yangu sasa vyamtoka! Vipele hivyo ni vya ukoo. Huongezeka kwa umri, wala si ugonjwa.

Vile vinyama laini hutokea mahali ngozi inaposuguana: shingoni, makwapani, mapajani. Wanene, waja wazito na wenye kisukari huvipata zaidi. Haviambukizi. Chunjua ndiyo huambukiza, kwa kuwa huletwa na virusi, ila mara nyingi hupotea yenyewe.

Bwenini nimeona kinyama kikifungwa uzi, na mwingine akiazima wembe ili akikate. Hapo ndipo ilipo hatari, kwani kidonda huweza kuoza, na wembe wa watu wawili waweza kupeleka ugonjwa uleule unaoogopwa. Kinyama chenyewe hakiwezi.

Na hiyo Kaposi hutambulikanaje? Ilielezwa na daktari Moritz Kaposi wa Vienna mwaka 1872, zamani kabla ya UKIMWI kujulikana, kwa hiyo hata mwenye Kaposi si lazima awe na UKIMWI. Kinyama cha kawaida hukaa vilevile miaka na miaka. Baka la Kaposi huenea, mara nyingi miguuni au kinywani, na huenda mguu ukavimba. Hata waa jeusi la unyayoni linalokua au kutoa damu si la kupuuzwa. Mwenye dalili hizo aende hospitali, iwe Rubya, Ndolage au Bukoba mjini, wala asingoje muhula uishe.