Si Kila Kitiwacho Bwawani ni Dawa

Katika lugha yetu neno dawa lina tumbo kubwa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu; na hapa Majengo, Nyeri, nimesikia kila unga unyunyizwao katika bwawa la samaki ukiitwa jina hilohilo, uwe vitamini, madini, chokaa au hata mbolea. Mwanaisimu angeweza kuyaita haya upanuzi wa maana, akaendelea na shughuli zake. Lakini safari hii istilahi inaua samaki.

Mabwawa si mageni kwetu. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140 yaliyoteuliwa. Wafugaji wakajifunza kwamba pumba za mchele pekee hazitoshi, maana perege anayekua huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 25 hadi 30 hivi; ndipo unga wa omena ulipopata wateja huku milimani.

Baada ya chakula huja virutubisho, na hapo ndipo wauzaji hututatanisha. Ni kweli kwamba samaki hawezi kujitengenezea vitamini C, na akiikosa kwa muda mrefu uti wake wa mgongo hupinda. Hata hivyo, bwawa la udongo lililotiwa samadi huwa na maji ya kijani yaliyojaa viumbe vidogo, nao ni lishe tosha kwa mengi. Anayehitaji kirutubisho hasa ni yule afugaye katika tangi lenye maji maangavu. Naye aitazame tarehe ya pakiti, kwani vitamini hiyo huharibika kwa joto na kwa kukaa. Afugaye matumbawe ndani ya kioo hupima kwanza kalsiamu ya maji, maadamu matumbawe huitumia kujengea mifupa yake, kisha ndipo huongeza. Nani kati yetu hupima asidi ya bwawa kabla ya kumwaga chokaa?

Dawa, kwa mazoea yetu, huongezwa mgonjwa asipopona. Perege hustawi katika maji ya nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Baridi ya Julai ikiingia Nyeri, hamu yake ya kula hupungua. Mwenye bwawa hudhani anaugua, akazidisha “dawa” pamoja na chakula. Mabaki huoza na kumaliza oksijeni, na alfajiri samaki huonekana juu ya maji wakitweta.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, ila maandishi ya magunia mengi niyaonayo madukani ni ya Kiingereza kitupu. Walimu wenzangu wa Kiswahili na wa kilimo, kwa nini tusilete gunia moja darasani, wanafunzi wakaligeuza neno kwa neno, wakabishana kipi kiitwe chakula, kipi kirutubisho, kipi mbolea? Somo hilo halihitaji bajeti ya wizara. Gunia tupu hupatikana kwa mfugaji yeyote.