Hofu Haina Kituo Kimoja

Mwishoni mwa karne ya 19, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akitazama kwa eksirei tumbo la paka aliyetoka kula. Paka akitaharuki, tumbo lilikoma kusaga chakula papo hapo. Akibembelezwa akatulia, lilianza tena. Mwaka 1915 Cannon alitoa kitabu kizima kuhusu mabadiliko hayo ya mwili.

Leo njia ambayo hofu huipitia mwilini tunaijua vizuri zaidi. Pikipiki ikikukatiza ghafla, habari za macho na masikio hupitia thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, zikagawanyika. Nyingine hupanda kwenye gamba la ubongo, ambako kitu hutambuliwa ni nini hasa. Nyingine hukata njia moja kwa moja hadi amigdala, kifundo chenye umbo la lozi, kimoja kila upande wa ubongo. Ndiyo maana unajikuta umesharuka kabla hujajua umeruka nini.

Amigdala huiamsha haipothalamasi, sehemu nyingine ya ubongo, nayo huamsha neva za simpathetiki zinazotoka uti wa mgongo. Moyo huenda mbio, mboni hutanuka, mate hukauka, vinyweleo husimama, kijasho chembamba hutoka viganjani. Neva hizohizo hufika kwenye tezi za adrenali, juu ya figo, nazo tezi humwaga adrenalini katika damu. Pikipiki imeshatokomea, nawe bado miguu inatetemeka: amri ya neva huisha upesi, lakini homoni iliyokwisha kuingia kwenye damu haiondoki mara moja.

Wengi huiita amigdala kituo cha hofu. Mimi naona jina hilo limezidi. Yuko Mmarekani anayejulikana kwa herufi S.M. tu, ambaye ugonjwa adimu wa kurithi ulimharibia amigdala zote mbili. Katika duka la wanyama alishika nyoka bila hofu, akataka kugusa na wale wa hatari. Lakini mwaka 2013 watafiti walieleza kwamba walimvutisha hewa yenye asilimia 35 ya kabonidayoksaidi, kiasi kisichomdhuru kwa pumzi moja. Akashikwa na hofu kuu, akaashiria barakoa ivuliwe. Gesi hiyo huongeza asidi kwenye damu, na shina la ubongo lina vihisi vyake vya asidi. Kwa maoni yao, kengele inayolia kutoka ndani ya mwili haina haja ya kupitia amigdala.