Ngeta: Simu hununuliwa, shingo hainunuliwi

WAHENGA walinena kuwa tahadhari huja kabla ya hatari. Nasaha hiyo humfaa mkazi wa Nairobi hasa jioni, giza linapoanza kutanda. Wafanyakazi wamefunga ofisi, wanafunzi wa masomo ya jioni wametoka madarasani na kila mmoja anakimbilia matatu. Wakati huo huo wakora nao huingia kazini.

Kati ya mbinu zao zote, inayoogopwa zaidi ni ngeta. Anayepigwa ngeta mara nyingi hamwoni adui yake. Mkono hupitishwa shingoni kutoka nyuma, koo likabanwa, na mwenzake mkora akapekua mifuko. Kabla ya wapita njia kung'amua kilichotokea, wahuni wametokomea vichochoroni.

Wengi hudhani ngeta ni wizi tu. La hasha! Mishipa mikubwa ya damu iliyo pande mbili za shingo ikibanwa barabara, mtu huweza kuzimia kwa muda wa sekunde 10 hivi. Akiendelea kukabwa, ubongo hukosa oksijeni na anaweza kufa katika dakika chache. Hii ndiyo sababu kila mtu katika familia, mkubwa kwa mdogo, anafaa kujua la kufanya.

Macho kwanza

Mkora huchagua mtu wa kushambulia. Humpenda yule aliyeinamia simu, aliyeziba masikio kwa muziki, au anayetembea kana kwamba amepotea. Kwa hivyo tembea ukiwa umeinua kichwa na ujue aliye nyuma yako. Ukishuku kuwa unafuatwa, vuka barabara. Akivuka nawe, ingia dukani, hotelini au penye bawabu, wala usimwongoze hadi mlangoni pako.

Epuka vichochoro na madaraja ya wapita njia saa ambazo hakuna watu, hata kama ndiyo njia ya mkato. Mkoba ushike upande wa ukutani, mbali na barabara wanakopita wanaonyakua wakiwa kwenye pikipiki. Ndani ya matatu, usizungumze kwa simu ukiwa karibu na dirisha lililo wazi. Weka nauli mfuko wake peke yake ili usitoe pesa zote hadharani.

Mkono ukifika shingoni

Ikiwa mhalifu ana kisu au bastola na anataka mali, mpe. Usibishane naye wala usimkodolee macho. Simu hununuliwa, shingo hainunuliwi.

Lakini ukikabwa ngeta, huna muda wa kujadiliana. Kwanza, inamisha kidevu na ugeuze uso kuelekea pale mkono wake unapokunjika, kwa maana hapo ndipo penye nafasi ya kupumua. Pili, shika mkono huo kwa mikono yako yote miwili na uuvute chini kwa nguvu zako zote. Tatu, mkanyage mguu kwa kisigino, mpige mbavuni kwa kiwiko, au mpige sehemu za siri. Ukipata mwanya, piga mayowe na ukimbie kuelekea penye watu na taa. Nia si kumshinda, bali ni kuponyoka.

Je, mtu asiye na nguvu ataweza? Katika mtaa wa Korogocho, akina nyanya wamekuwa wakifunzwa kujikinga dhidi ya wabakaji, wakifundishwa kupiga mayowe na kulenga sehemu dhaifu za mwili kama macho, pua na koo. Na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 kuhusu wasichana wa shule za upili katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ulionyesha kuwa miongoni mwa waliopata mafunzo hayo, walioripoti kudhulumiwa kimapenzi katika mwaka mmoja walipungua kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 17 cha Kanuni za Adhabu kinatambua haki ya mtu kujikinga. Hata hivyo, nguvu unazotumia ni lazima zilingane na hatari iliyopo. Mkora akishatoroka, kumwandama na kumpiga ni kulipiza kisasi. Vivyo hivyo, umati unaomchoma mshukiwa kwa tairi unatenda uhalifu, na mara nyingine anayeteketea hana hatia. Piga mayowe uokolewe, kisha waachie polisi kazi yao.

Baada ya shambulio

Piga simu kwa nambari 999 au 112. Ripoti kituoni na uhakikishe umepewa nambari ya kitabu cha matukio, yaani OB, kwani utaihitaji baadaye. Ikiwa umejeruhiwa, itisha fomu ya P3 ambayo hujazwa na daktari.

Aliyekabwa shingo aende hospitalini hata kama hana alama yoyote. Koo huweza kuvimba saa kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, ukishindwa kumeza au kichwa kikiuma sana, usingoje asubuhi.

Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa. Afike hospitalini upesi, kwani dawa za kuzuia virusi vya ukimwi ni lazima zianze kutumiwa kabla ya saa 72 kupita. Nambari 1195 hupigwa bila malipo na waliodhulumiwa kijinsia, nayo 116 ni ya watoto.

Ikiwa simu imeibwa, fungia laini mara moja kabla pesa hazijahamishwa. Leo hii, kabla hujaibiwa, bonyeza *#06# na uandike kwenye daftari nambari ya tarakimu 15 itakayojitokeza.

Anzieni nyumbani

Wazazi, tengeni dakika chache jioni ya leo mfanye mazoezi na watoto: kuinamisha kidevu, kuvuta mkono, kupiga mayowe, kukimbia. Anayejifanya mkora aweke mkono tu mabegani. Asikaze shingo ya mwenzake hata kwa mzaha. Kubalianeni pia kuwa atakayechelewa atapiga simu, na kuwa mtoto atakayerudi bila simu wala viatu hatakaripiwa. Mtoto anayeogopa kiboko cha nyumbani huenda akang'ang'ania simu mbele ya kisu.