Unataka watoto wangapi?

Hebu waulize wenzako darasani swali hili. Hapa Sudi mmoja atasema wawili, mwingine wanne. Kujibu ni rahisi. Lakini sasa waangalie watu wazima mtaani kwenu. Yupo aliyetaka watatu, leo ana saba. Yupo aliyetaka wanne, leo hana hata mmoja. Kwa nini?

Tuanze na aliyezidisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila wanawake 100 walioolewa Tanzania, 21 walitaka kuchelewesha mimba au kuacha kuzaa, lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote ya uzazi wa mpango. Siyo kwamba ni wajinga! Wengine wanaogopa maneno ya mtaani, eti vidonge vinaleta ugumba. Si kweli. Ukiviacha, uwezo wa kupata mimba hurudi. Sindano huweza kukawiza kwa miezi kadhaa, lakini nayo haiharibu kizazi. Wengine, mume hataki kusikia. Na wengine hawajawahi kuzungumza naye kabisa: kila mmoja ana hesabu yake kichwani.

Je, aliyekosa? Watu watasema amerogwa, na lawama zote ataangushiwa mwanamke. Kumbe mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani. Sababu moja ni kisonono au klamidia isiyotibiwa, ambayo huweza kuziba mirija ya uzazi. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Mwanaume naye anaweza kuwa chanzo, kwa hiyo wapimwe wote wawili.

Umeona? Mpango wa kesho unaweza kuharibika leo, ukiwa bado na sare ya shule. Kusubiri ndiyo kinga ya uhakika. Kama umeshaanza ngono, tumia kondomu kila mara. Inazuia mimba, inazuia na magonjwa haya. Ukiona usaha, au ukisikia maumivu wakati wa kukojoa, usikimbilie kununua dawa dukani. Nenda zahanati mapema, na mwenzako naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana tena.

Na siku ukipata mchumba, kaka au dada, muulize mapema: wewe unataka wangapi? Msingoje mtoto wa tano ndipo muulizane.